Usizungushe Kamba Mkononi

Vijana wangu, nyie mnaokuja kukaa barazani kwangu hapa Mpemba, jirani na Tunduma, kuniuliza habari za pwani, leo nawajibu wote kwa pamoja, maana nimechoka kurudia. Kila mmoja wenu ameona kwenye simu mtu amevutwa na tiara kubwa la rangi, anateleza juu ya maji ya kijani, anaruka, anashuka, anacheka. Kisha mnanijia: Mzee Siame, kazi ile mtu anaingiaje? Kule unamjua nani? Mbona wewe uliifanya ukarudi mzima? Jibu langu la kwanza ni kwamba niliogopa. Niliogopa siku niliyofika na niliogopa siku niliyoaga, na katikati hapo sikumbuki wiki niliyopumua vizuri. Kama unatafuta mzee wa kukupa moyo, nyumba yake si hii.

Nasema haya sasa kwa sababu ya Tumaini, binti wa mdogo wangu Ezekia. Amemaliza chuo, amepata watu Unguja wanaotaka kumfundisha awe mwalimu wa mchezo huo, na begi lake liko tayari. Wengi wenu hamjui kwamba baba yake aliwahi kufanya kazi ile pamoja nami. Mnamwona dukani kwake akiuza vipuri vya baiskeli, mkono wa kulia umekaa mfukoni, mnadhani ndivyo alivyozoea. Mkono ule umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Binti yake alipomwomba ruhusa hakumwambia ndiyo wala hapana. Alimwambia, "Nenda kwa baba yako mkubwa. Atakalosema yeye, ndilo."

Basi mzigo umeangukia kichwani kwangu. Nikisema aende, mkono wake ukarudi kama wa baba yake, nitaishi wapi? Nikisema asiende, nitakuwa nimemfungia mtoto wa watu mlango kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe. Ngojeni niwaeleze tulikotoka, halafu mtaona kwa nini nahangaika.

Kwetu ni Ndalambo, na maji makubwa tuliyoyajua ni ya mto Momba wakati wa masika, ambayo tulichapwa fimbo tukiyasogelea. Nilipokuja Tunduma ujanani nikashika kazi ya maturubai. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa inakaa siku na siku, na lori likikaa, turubai linachanika. Mimi nilikuwa na cherehani nzito chini ya kibanda cha mabati, nashona. Ezekia alikuwa anapanda juu ya mizigo kufunga. Mnaujua upepo wa hapa wa mwezi wa saba na wa nane, ule unaowajaza vumbi machoni mkienda sokoni. Sasa mfikirie mtu amesimama juu ya magunia, turubai limejaa upepo huo na linataka kuondoka naye. Ukiliachia linavunja kioo cha lori la nyuma, au linamwangusha mwenzako aliye upande wa pili. Kwa hiyo mkono wa mfungaji ulifundishwa jambo moja tu: zungusha kamba kiganjani mara mbili, kaa chini, uzito wote uweke kwenye makalio, na usiachie hata iweje.

Ezekia katika hilo hakuwa na mpinzani. Madereva wa Zambia walikuwa wakimpigia honi toka mbali, "Ezekia, mukwai, bwela kuno!" yaani bwana, njoo huku, naye anaenda anakimbia. Siku moja upepo ulimwinua ubavuni mwa trela, miguu ikaning'inia hewani, na yeye anacheka tu. Hakuachia. Turubai likachoka kwanza. Watu wa foleni nzima walimpigia makofi, na mimi nilijisikia fahari kama vile mkono ule ni wangu.

Aliyenipeleka pwani ni Alhaji mmoja mwenye malori, mtu wa visiwani aliyekuwa amehamia Tunduma kwa biashara. Shemeji yake alikuwa na kituo cha michezo ya upepo upande wa mashariki wa Unguja, pale ambapo mwamba wa matumbawe umezunguka mbele ya fukwe. "Wana vitambaa vinachanika kila siku na fundi hawana," aliniambia. "Wewe unashona turubai la tani thelathini, utashindwa na kitambaa?" Nikafunga cherehani yangu kwenye gunia, nikaenda. Nilipofika nikakuta uwanja mzima wa mchanga umetandazwa vitambaa vya rangi, vingine vina mifupa ya plastiki, vingine vimejazwa hewa. Nikauliza kwa heshima zote malori yako wapi. Walicheka hadi wakakaa chini, na kuanzia hapo jina langu likawa Turubai hadi nilipostaafu.

Niwafahamishe kidogo vitu vyenyewe, msije mkaenda mkachekwa kama mimi. Kuna ubao wenye mlingoti na tanga, mtu anasimama juu yake anashika tanga kwa mikono. Huo ni mchezo wa zamani kidogo, na una huruma: ukichoka unaachia tanga, linaangukia majini, mnabaki pale pale. Halafu kuna kaiti, ndivyo wanavyoliita lile tiara kubwa. Hilo liko juu angani, mbali nawe, kwa kamba nne ndefu nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Kamba hizo zinaishia kwenye fimbo unayoshika, na fimbo imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Makaiti ya zamani yalikuwa na kiburi, hata ukiachia fimbo yanaendelea kukuvuta. Ya siku hizi yana kipande chekundu mbele ya tumbo: ukikisukuma, kila kitu kinafyatuka na kaiti linalala. Wageni wanafundishwa kipande hicho kabla ya kufundishwa kingine chochote.

Kaiti la kwanza nililoshona niliharibu. Nilitumia sindano ya turubai na uzi wa turubai, mshono ukatoka umenyooka vizuri, nikajisifu. Lilipopanda angani likachanika kufuata mashimo ya sindano yangu kama unavyochana tiketi ya basi. Ndipo nikajifunza kwamba kitambaa kile kinataka sindano nyembamba, kiraka kibandikwe kwanza kwa gundi, na mshono uende kwa kukatakata kona. Mipira ya ndani nilikuwa naitafuta matundu kwa maji ya sabuni kama fundi baiskeli yeyote wa Vwawa. Chumvi ioshwe kwa maji baridi kila jioni. Tanga la ubao lizungushwe kama mkeka, likikunjwa dirisha lake la plastiki linapasuka. Haya ningewafundisha hata leo bila jasho kunitoka.

Jasho lilikuwa la baharini. Mwaka wangu wa pili fundi wa boti ya uokoaji aliugua, nikaambiwa nikae mbele ya boti badala yake. Nahodha alikuwa Makame, mtu wa pale pale, mama yake alikuwa analima mwani kwenye maji ya ndani ya mwamba. Siku ya kwanza alinipeleka kuona mlango. Ndani ya mwamba maji yanakufika kiunoni, yametulia, unaona mchanga na nyota za bahari, unasema mbona hapa ni bwawa tu. Lakini maji yakianza kupwa, bwawa lile lote linatoka kwa sehemu moja, upenyo kwenye mwamba, na nje ya upenyo huo mawimbi yanasimama na kuanguka bila kupumzika. Makame alizima injini mbali kidogo ili nisikie. Nilisikia mngurumo uliotoka chini, ukanipitia kwenye mbao za boti hadi magotini.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

"Basi hapo mie n'naogopa. N'mezaliwa hapa, na n'naogopa."

Nilitamani asingesema. Nilikuwa nimetegemea kwamba kuna mtu mmoja kwenye boti ile asiyeogopa, na mtu huyo si mimi.

Makame ndiye aliyenifundisha kanuni ya kaiti lililotoroka. Wakati mwingine mgeni anafyatua kila kitu, kaiti linabaki peke yake linaburuza kamba zake. Kanuni ni kwamba kamba huzigusi. Unalikimbilia kaiti lenyewe, unalikamata kwenye ukingo wake wa mbele wenye hewa, unaligeuza tumbo juu, unalimwagia mchanga. Ukishika kamba, hata moja, kaiti linapata mtu wa kumvuta. Linajaa upepo upya na linapanda. "Kamba iache iende zake," alikuwa akinirudia Makame. "Kamba si kazi yako." Nilielewa kwa kichwa. Mikono ilichukua muda mrefu, na mara kadhaa nilijikuta nimenyoosha kiganja kabla sijajua, nikakirudisha.

Ezekia alikuja baadaye, foleni ya Tunduma ilipopungua na malori mengi yakawa ya makontena yasiyohitaji turubai. Mama yetu hakutaka. Alisema mtoto mmoja kwenye maji anatosha. Lakini Ezekia alikuwa na mke na Tumaini bado ananyonya, na kazi hakuna, akapanda basi. Kituoni walimpenda mara moja kwa sababu ya nguvu na utani wake. Nilimkalisha chini nikamweleza kanuni ya kamba, nikamweleza tena, na Makame akamweleza kwa lugha yake.

"Nimeelewa, kaka," alikuwa akijibu. "Kwani mimi mtoto?"

Siku moja tulikuwa tunafunga boti kabla ya mvua. Nikamwona amezungusha kamba ya nanga kiganjani mara mbili na kukaa chini, vile vile kama juu ya magunia. Hakujua kama amefanya hivyo. Nilipomwambia alitazama mkono wake akacheka. Mimi sikucheka. Kuanzia siku ile nilikuwa nafika kazini natazama mikono ya mdogo wangu kabla ya kutazama bahari, na mgeni akinisalimia nachelewa kuitikia. Usiniulize kwa nini sikumrudisha nyumbani. Nilimwambia arudi, akaniuliza arudi kufanya nini.

Sasa ile siku. Ilikuwa tangambili, kipindi ambacho kusi haijaingia na kaskazi imekwisha, upepo hauna mwenyewe. Asubuhi ulikuwa unatoka baharini taratibu, wageni wachache walikuwa majini. Maji yalikuwa yanapwa. Ghafla kina mama wa mwani wakaanza kutoka, wamebeba viroba vyao nusu tupu. Makame akawatazama, akatazama nyuma yetu upande wa bara. Wingu lilikuwa limeshuka chini juu ya minazi, jeusi, na ukingo wake mweupe. Upepo wa bara ulikuwa unakuja, ule unaosukuma kila kitu kuelekea mlangoni.

Tulipuliza filimbi. Wageni wakaanza kushusha makaiti yao, walimu wakawakimbilia. Mmoja, mwanamume mrefu wa Ulaya, alikuwa amebaki karibu na ufukwe maji yakimfika mapajani, na upepo ukampiga kabla hajalishusha lake. Alifanya kila kitu sawasawa. Akasukuma kipande chekundu, akafungua na kamba ya mwisho inayomfunga na kaiti, akabaki amesimama pale mikono mitupu, salama. Kaiti likaanguka majini, likaanza kuteleza kuelekea nje likiburuza kamba zake.

Ezekia alikuwa njiani mwake. Mimi nilikuwa kwenye boti na Makame, injini inanguruma, na nilimwona mdogo wangu akiona. Alichokiona yeye hakikuwa kaiti. Aliona turubai linaondoka. Niliita jina lake kwa sauti yote niliyo nayo. Akashika kamba, akaizungusha kiganjani mara mbili, akakaa chini majini.

Na kaiti likasimama. Nitawaambieni ukweli, kwa kitambo kidogo likasimama kabisa, na yeye akageuka kunitazama, amekenua meno, kama siku ile ya trela. Kisha likajigeuza, likajaa, likapanda.

Lilimtoa pale kama unavyong'oa karanga shamba likiwa limelowa. Alikwenda kwa kifua juu ya maji, mkono wa kulia umenyooka mbele, na kila alipojaribu kufungua vidole kamba ilikuwa imeshajizika. Makame alikuwa ameshageuza boti. Tulimfuata na mvua ikaanza kutupiga usoni, na kupitia mvua ile nilianza kuusikia mngurumo wa mlango. Nilikuwa namwomba Mungu kwa Kinamwanga, lugha ambayo sikuwa nimeitumia kuomba tangu nilipokuwa mdogo. Tulipomfikia nikajilaza ukingoni mwa boti, nikamkamata mkono wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili. Nikamshika kama tulivyofundishwa sisi. Nikakaa chini na uzito wangu wote.

Akapiga ukelele ambao sijausahau. Boti ililala ubavu, maji yakaingia, na nikaona damu kwenye kamba.

"Muachie!" Makame akafoka. "Muachie, Turubai!"

Nilidhani amechanganyikiwa.

"Unamkata mkono! Ukimshika, kaiti linavuta zaidi! Muachie tukalikamate lenyewe!"

Vijana, nataka mlielewe hili vizuri. Mtu aliyevutwa na kaiti akielea, kaiti linavuta kiasi. Ukimkamata akasimama, upepo wote unaishia kwenye ile kamba, na kamba inakata. Mimi nilikuwa nimekuwa kama kigingi, na mdogo wangu alikuwa katikati. Kuikata kamba nisingeweza, mikono yote miwili ilikuwa kwake, na boti isingeweza kupita mbele yake bila kamba kuingia kwenye panga la injini. Njia ilikuwa moja tu, kuzunguka mbali na kulifuata kaiti huko mbele. Nililijua hilo jambo. Nilikuwa nimefundishwa. Na mlango ulikuwa pale, naliona povu lake.

Ezekia alinitazama machoni. Akasema, "Kaka." Nami nikafungua mikono.

Alikwenda. Makame akakata kona pana, boti ikiruka, na mimi sikuthubutu kutazama aliko mdogo wangu, nilitazama kitambaa tu. Tulipolifikia kaiti lilikuwa linapiga maji na kuinuka, na hakukuwa na namna ya kulikamata kutoka ndani ya boti. Mimi kuogelea kwangu ni kwa mbwa aliyetupwa mtoni. Niliruka. Sikupiga moyo konde wala nini, niliruka nikiwa nalia, nikaangukia ukingo wake wa mbele, nikaukumbatia na kujigeuza nao. Likapinduka. Upepo ukatoka ndani yake na kamba zikalegea, nami nikabaki nimelala juu ya ile mipira niliyoiziba kwa mkono wangu mwenyewe, nikielekea kwenye mngurumo. Makame aliniacha pale akaenda kumchukua Ezekia kwanza. Alimkuta miguu inagusa kingo za mwamba, amechanika magoti na tumbo. Kisha akaja kunichukua mimi.

Ndani ya boti nilimfunga mkono kwa shati langu. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo inatetemeka. Nilimsogezea sikio nikidhani anaomba maji.

"Uliniachia," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

Hospitali waliokoa walichoweza. Alirudi Tunduma, akafungua duka, akamlea binti yake. Mimi nilibaki kwenye kazi ile miaka mingine, nikiogopa zaidi ya mwanzo, hadi magoti yalipokataa boti ndipo nikarudi na kujenga hapa, nyumba ya tatu kutoka kwake. Tunasalimiana. Tunakaa pamoja kwenye misiba, tunagawana mbegu za mahindi, mke wake ananiletea kande. Lakini neno lile moja hatukuligusa tena, na kila nilipokuwa naona mkono unazama mfukoni nikiingia dukani, nilijua liko palepale.

Ndiyo maana Tumaini alipokuja nilimwambia sitampa jibu mpaka niujue mkono wake. Nilikuwa nimerudi kutoka pwani na kaiti dogo la kufundishia, lina kamba mbili na fimbo, halimtoi mtu mkubwa ardhini ila linaweza kumburuza. Tulianzia uani bila upepo. Namwambia achia, anafungua vidole. Achia, anafungua. Alifanya hivyo hadi akaanza kunitania, "Baba mkubwa, hata usingizini nitaachia." Nikamwambia tutaona.

Juzi mchana tukaenda kwenye shamba lililovunwa nyuma ya nyumba, mabua yamebaki mafupi. Upepo ulikuwa wa kawaida wa mwezi wa nane. Kaiti likapanda vizuri, na lazima niseme, binti ana jicho. Alilipeleka kushoto na kulia kana kwamba amelizoea. Nilianza kupata matumaini. Nikamwona Ezekia amekuja, amesimama kwenye ua wa michongoma, amevaa lile koti lake. Sikumwita.

Kisha kikaja kile kimbunga cha vumbi, mnakifahamu, kinachozunguka na kuinua majani makavu. Kilikuja kutoka upande wa barabara na kulipiga kaiti kutoka nyuma. Fimbo ikamchomoka Tumaini upande mmoja, akabaki ameshika kamba. Na nikaona, kwa macho yangu haya, mkono wa kulia wa yule mtoto ukizunguka. Hakuna aliyemfundisha. Alizungusha kamba kiganjani na kukaa chini.

Nilitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Alianza kuburuzwa juu ya mabua, anacheka, jamani, anacheka, anadhani ameshinda, na mimi nimesimama hapo kama kisiki, nasikia mngurumo wa mlango katikati ya shamba la mahindi Mpemba.

"Achia!"

Haikuwa sauti yangu. Ezekia alikuwa ameruka ua, anakimbia, mkono ule umetoka mfukoni, ameuinua juu na vile vidole viwili vimefunguka.

"Achia, Tumaini! Achia, mwanangu! Achia!"

Binti akamwona baba yake. Akanyoosha mkono, kamba ikajifungua, ikampita kiganjani na kwenda. Kaiti likayumba likaangukia mabuani.

Alikuwa na mstari mwekundu kiganjani, ngozi haikukatika. Ezekia aliushika mkono ule akautazama mbele na nyuma, akabonyeza kila kidole, kimoja kimoja. Mimi nilifika mwisho, nikihema. Tulikaa wote watatu chini kwenye vumbi. Kisha Ezekia akaniuliza, bila kunitazama.

"Kaka, siku ile. Kabla hujaniachia. Kuna kitu uliniambia? Masikio yangu yalikuwa yamejaa maji."

Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia nilisema nakuja, na angenishukuru.

"Sikusema kitu," nikamwambia. "Mdomo uligoma. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa?"

"Niliogopa, Ezekia. Hata sasa naogopa."

Akapangusa uso kwa mkono wa koti, vumbi likachora mstari.

"Mimi nilidhani hukuogopa," akasema. "Uso wako ulikuwa mkavu kabisa. Miaka yote hii nilikuwa nasema, mtu anawezaje kumwachia ndugu yake na uso mkavu namna ile." Akamtazama binti yake. "Tumaini, nilikuwa na uso gani nilipokuwa nakuja pale?"

Tumaini akafikiri. "Mkavu, baba," akasema.

Ezekia akatikisa kichwa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikashindwa kujizuia. Binti alitutazama kama watu waliopigwa na jua. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama ataruhusiwa kwenda.

Nilimwachia baba yake ajibu. Akasema, "Bado. Kesho tena hapa hapa." Kisha akainuka, akaingia mabuani, na kwa mkono wake wa vidole viwili akaanza kuikusanya ile kamba.